Kabla hamjakaa na wakili

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi sana kusikia kwamba wewe na mkeo mmeamua kuandika wosia mapema, mkiwa na afya zenu. Kabla hamjaenda kwa wakili, kusanyeni hati zote mezani mzikague moja moja. Wakili huandika kulingana na alicholetewa, na si kila mali yenu itakayofuata wosia.

Anzeni na ardhi. Fanyeni upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi mjue kila kipande kimesajiliwa kwa jina la nani. Lile shamba unalolima ambalo hati yake bado ina jina la babu yako, huwezi kumwachia mtu. Mirathi ya babu lazima ishughulikiwe kwanza mahakamani. Ploti mliyonunua pamoja, someni hati imeandikwaje. Kama ni umiliki wa pamoja usiogawanywa hisa, mmoja akitangulia ploti yote ni ya mwenzake, hata wosia ukisema vingine. Kama hisa zimetajwa, tuseme nusu kwa nusu, basi nusu ya marehemu ndiyo inayofuata wosia wake. Kwa hiyo andikeni wosia mbili, kila mtu wake.

Pesa za sacco huenda kwa yule uliyemtaja kwenye fomu ya uteuzi. Wengi huijaza siku ya kujiunga wakiwa hawajaoa, wakamtaja mama au ndugu, wasiiguse tena. Nenda ukabadilishe. Pensheni pia sheria yetu ya Kenya haiihesabu ndani ya mirathi, kwa hiyo kagueni fomu yake pamoja na ile ya bima ya maisha.

Kuhusu wajukuu wangu, tajeni mlezi na wa akiba wake, na muwaulize kwanza kama wako tayari. Ningependa mlezi asiwe ndiye anayeshika pesa peke yake. Wekeni wadhamini wawili wa kuzisimamia, na muandike pesa hizo ni za nini (karo, matibabu, chakula) na mtoto atakabidhiwa fungu lake akiwa na umri gani. Msipotaja umri, kijana wa miaka 18 anaweza kudai chake chote kwa mpigo.

Usimfiche wakili mtu yeyote anayekutegemea, hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinampa mtegemezi aliyeachwa bila fungu la kutosha nafasi ya kuiomba mahakama imgawie, mradi aombe kabla hati ya usimamizi (kibali cha mahakama cha kusimamia mali ya marehemu) haijathibitishwa. Ukiwa na sababu ya kumpa mmoja kidogo, iandike waziwazi ndani ya wosia, maana mahakama huitazama.

Siku ya kutia sahihi ndiyo yenye mitego. Sheria inataka mashahidi wasiopungua wawili. Anayerithi chochote asiwe shahidi, wala mume au mke wake. Akitia sahihi, fungu lake linabatilika isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasiohusika. Shahidi anaruhusiwa kutia sahihi wakati tofauti na mwenzake, lakini nyinyi kaeni chumba kimoja wote, kila ukurasa utiwe herufi za kwanza za majina, tarehe iandikwe. Mkishabana kurasa kwa stepla, msizifungue tena hata kwa kutoa nakala. Matundu ya ziada kwenye kona humpa mpinzani sababu ya kudai kwamba ukurasa umebadilishwa.

Nakala halisi ibaki kwa wakili, na msimamizi wa wosia mliyemteua ajue iko wapi. Ikiwa ulikaa nayo wewe na isionekane, mahakama inaweza kuchukulia kwamba uliiharibu kwa hiari yako.

Kuhusu wakili mwenyewe, hakikisheni ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, na ada mkubaliane kwa maandishi. Akikaa nanyi akauliza maswali mengi kuhusu ndoa, madeni na watoto, huyo anafaa. Akiwajazia majina kwenye wosia aliokwisha kuuchapa, mshukuruni mwende kwingine.

Niambieni siku mtakayokwenda, nije nibaki na watoto.

Mama yako