Simu ya bosi matangani

Mhariri, gazeti lako nasoma mwaka wa 13 huu na sijawahi kukuandikia hata mstari, lakini ile habari yenu ya majuzi ya mvutano Bungeni kuhusu haki za wafanyakazi imenikaa kooni. Kila mara mambo haya yakiguswa tunaambiwa wawekezaji watakimbia. Mswada wa Seneta Cherargei wa 2022 uliomba nini kikubwa? Mwajiri mwenye watu zaidi ya kumi akae nao waelewane ni lini anaweza kuwatafuta nje ya saa za kazi, akikataa kuna faini ya hadi shilingi 500,000 au jela mwaka mmoja. FKE, shirikisho la waajiri, wakapinga. Ufaransa wana sheria ya namna hiyo tangu 2017 na bado wanatuuzia magari.

Mimi ni karani wa stoo hapa Industrial Area, kampuni siitaji. Mwaka juzi tulikuwa Lugari kwa matanga ya baba, Ijumaa usiku wa kuamkia mazishi, saa tano na nusu watu wanaimba, simu ikalia. Bosi anataka kujua katoni za gluvu ziko wapi, na mimi niko na ruhusa imesainiwa, yeye mwenyewe alichanga pesa za mazishi! Nikatoka kwa hema nikapanda mpaka kwa jirani penye netiwaki nikamweleza, nikarudi, akapiga tena, nikapanda tena, mara ya tatu nikazima kwa sababu katekista alishaanza maombi na ndugu zangu wote wananiangalia mimi. Kurudi kazini napewa barua ya onyo, eti meseji ya grupu tiki ziligeuka bluu na sikujibu. Barua ya onyo kwa kumzika baba yangu!! Na hiyo simu ni yangu, bando nanunua mwenyewe, kampuni haijawahi kunitumia hata kredo ya bob hamsini.

Na afadhali mimi nina barua ya ajira. Vijana wanaopakua malori pale kwetu ni vibarua mwaka wa nne sasa. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 37 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zikafika mwezi anahesabiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, lakini wiki ya nne ikikaribia wanaambiwa wapumzike nyumbani kidogo, halafu wanaitwa upya kama watu wageni. Hiyo ilishapitishwa zamani na bado haijawafikia.

Waheshimiwa waandike hivi tu: kila Ijumaa saa kumi jioni karatasi ibandikwe mlangoni, jina la mtu mmoja atakayeshika simu wikendi hiyo, simu iwe ya kampuni, na alipwe ovataimu hata isipolia. Wengine wote wasipigiwe. Na aliyefiwa jina lake lisiguse hiyo karatasi mpaka siku saba ziishe baada ya mazishi.

Karani wa stoo,
Embakasi, Nairobi