Barua kwa mwanangu: Bei ya Jumapili

Nansio, Ukerewe

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako yuko nje tangu asubuhi anageuza dagaa juani, na amesema nikusalimie kabla sijaandika kingine chochote.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Tulikutegemea kwenye arobaini ya shangazi yako. Ukapiga simu kutoka bandarini, tiketi mkononi, ukasema kiwanda kimekuita, chumba cha baridi hakishiki. Sikukulaumu. Minofu ya sangara haingoji Jumatatu, na mimi mwenyewe nimewalea kwa kazi hiyohiyo. Kilichoniuma ni ulichoniambia usiku. Ulitoka saa 3, umechoka, na watakulipa elfu arobaini ileile ya Jumatano. Nikakuuliza mlikubaliana nini kuhusu wikiendi. Ukajibu, "Baba, hatukuongelea."

Ulipokuwa umeajiriwa hukuhitaji kuongelea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikuwa imekusemea: saa 45 kwa wiki, si zaidi ya 9 kwa siku, ovataimu mara moja na nusu, kazi ya siku yako ya mapumziko au ya sikukuu, kila saa mara mbili, na kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Siku ulipoanza kuwapelekea ankara kama mtoa huduma, hayo yote uliyaacha kwenye ajira. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mteja akulipe mara mbili Jumapili. Utapata kile tu mlichokiandika na kukitia saini.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Tuseme mwajiriwa wa pale anapata 780,000 kwa mwezi. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, halafu kwa saa 45: anapata 4,000 kwa saa. Wewe elfu arobaini yako kwa saa 8 ni 5,000. Siku ya kawaida unamzidi elfu moja, na kwa elfu hiyo unajilipia likizo (yeye ana siku 28 za malipo kwa mwaka), unajichangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, peke yako wakati yeye mwajiri anamchangia, unajitibu, unanunua geji na pampu. Ikifika Jumapili yeye ana 8,000 kwa saa na wewe una 5,000 zako. Anakuzidi elfu tatu, naye ndiye aliyekuwa anakushikia tochi.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukwambia. Nilipopunguzwa kazini nilianza vibarua vya ufundi kwenye kiwanda kimoja pale mjini. Jumapili ya kwanza waliniita kwa kompresa iliyokufa. Ilikuwa haki yao kuniita. Ya pili waliniita kwa feni. Ya tatu waliniita nibadilishe raba ya mlango uliokuwa unavujisha baridi tangu Alhamisi, wote wakiuona. Kwa kuwa Jumapili yangu ilikuwa na bei ya Alhamisi, hawakuwa na sababu ya kuniita Alhamisi. Nilikwenda. Nilikuwa na wiki tatu sijapumzika hata siku moja, na nikiwa pale nikaunganisha na kutengeneza taa ya mlangoni, nikashika waya bila kupima kama umeme umekatwa. Lile kovu la mkono wa kushoto ulilokuwa ukiniuliza utotoni, nikakudanganya ni la mafuta ya moto, ni la Jumapili hiyo.

Ndiyo maana nasema bei ya Jumapili si tamaa. Ni uzio. Anayejua kwamba kukuita leo kutamgharimu mara mbili atajiuliza kwanza kama raba ya mlango inaweza kungoja. Kikiwa kitu cha kweli atakuita na atalipa, nawe utakwenda kwa moyo mmoja. Mwajiriwa ana sheria ya kumpa saa 24 za kupumzika kila wiki. Wewe unazo tu ukiziwekea bei.

Mama yako anayajua haya kuliko mimi. Kipindi cha giza mitumbwi inakwenda na taa, dagaa wanajaa ufukweni, bei ya ndoo inashuka. Mbalamwezi ikishika wavuvi wanapumzika, na ndoo inapanda. Wateja wake wa Mwanza hawagombani naye, kwa sababu anawapigia simu mwezi ukiwa bado mwembamba, anawaambia wiki ijayo itakuwa bei gani. Hajawahi kumvizia mtu aliyekwisha kufika na gunia lake. Na wewe usiseme bei saa 5 usiku mlango wa chumba cha baridi ukiwa wazi na minofu inalainika. Watakulipa, kwa kuwa hawana la kufanya, halafu watatafuta fundi mwingine, na mimi siwezi kuwalaumu.

Omba kuonana nao katikati ya wiki, asubuhi. Onana na meneja wa matengenezo, na mhasibu awepo kama inawezekana. Msimamizi wa zamu ni mtu mwema lakini yeye haidhinishi malipo. Nenda na orodha ya kila ulipoitwa miezi hii mitatu: tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, ulichotengeneza. Saa ulizosahau zimo kwenye daftari la mlinzi getini, mwombe kwa heshima utazinakili.

Bei nakushauri hivi. Mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, 5,000 kwa saa kama sasa. Jioni na Jumamosi, 7,500. Jumapili na sikukuu, 10,000. Na ukiitwa nje ya saa za kawaida zihesabiwe si chini ya saa 4, hata ukikaza skrubu moja ukaondoka, kwa sababu siku yako imekwisha kukatika hapohapo simu ilipoita. Bodaboda ya usiku iwe juu yao. Iandikwe pia kwamba bei ni kabla ya kodi ya zuio. Ukidai 40,000 na wakakata asilimia 5 utapokea 38,000, na afadhali ulijue hilo ukiwa mezani. Baada ya hapo, kila wakikuita uwatumie ujumbe kabla hujatoka nyumbani: "Nakuja, bei ni ya Jumapili." Wakijibu "sawa", usiufute.

Watasema bajeti haipo. Hapo usipunguze bei, punguza kazi. Waambie Jumapili hutapatikana, ila Ijumaa mchana unaweza kupita kukagua mashine zote kwa bei ya kawaida, usikilize kompresa, utazame presha ya gesi, upime raba za milango. Mengi yanayoharibika Jumapili yanaanza kulalamika Ijumaa, wewe unalijua hilo. Au wakulipe kiasi cha mwezi kwa kukaa tayari, na saa utakazofanya zihesabiwe kando. Na ukishataja bei, nyamaza. Una tabia yangu: mtu akikunja uso tu unaanza kujipunguzia mwenyewe kabla hajasema neno.

Kuna jambo jingine, lakini hili usiende nalo kwenye hicho kikao. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu anaweza kudhaniwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba ukimwita jina jingine, ikiwa saa zake anapangiwa, au vifaa anapewa, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu, au amefanya kwa wastani saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mgogoro wa namna hiyo unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikutumi huko. Una wateja wengine wawili na geji ni zako. Ila wakianza kukuandika kwenye ratiba ya zamu kama watu wao huku wakikulipa kama mpita njia, unipigie simu siku hiyohiyo.

Wakikataa yote, mwanangu, ondoka kwa amani na uwaachie namba yako ya siku za kazi. Mama yako anaogopa utapoteza kiwanda. Mimi naogopa waya ambao hujaupima.

Hiyo orodha nitumie picha yake kabla ya kikao, niipitie usiku nikiwa nimetulia. Furu wakavu na unga wa muhogo vipo, tumekuwekea. Ukipanda meli Jumamosi nitakuwa gatini nakusubiri.

Baba yako