Barua ya wazi kwa Waziri wa Urithi wa Ireland: tuanzie kwenye paa

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Nyumba, Serikali za Mitaa na Urithi, Dublin

YAH: NYUMBA ZA SAFU ZINAZOOZA HUKU ZIKILINDWA NA SHERIA

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi mwashi. Kazi yangu ni kukarabati nyumba za zamani za Dublin, zile za matofali ya kuchoma zilizojengwa kwa safu, bega kwa bega, enzi za wafalme wanne waliofuatana kwa jina la George, kuanzia 1714 hadi 1830. Nakuandikia kuhusu maji ya mvua, kwa sababu ndiyo yanayozimaliza.

Nyumba inaweza kuwemo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, mwenyewe asiruhusiwe kubadili hata dirisha bila kibali, na bado paa lake likavuja miaka nenda rudi asiulizwe na mtu. Tunalinda uso. Mtalii anapiga picha mlango mwekundu na kioo cha nusu duara juu yake, anaondoka ameridhika, na ghorofa tatu juu ya kichwa chake hakuna anayeishi.

Ukisimama Mountjoy Square au Fitzwilliam Square, paa karibu hulioni. Ukuta wa mbele umepandishwa kulipita, ili safu nzima ionekane imekatwa kwa rula. Nyuma ya ukuta huo, mara nyingi kuna mapaa mawili ya vigae vya mawe yaliyoinamiana, na katikati yake mfereji uliotandikwa mabamba ya madini ya risasi. Maji yanaingia humo, na katika nyumba nyingi mfereji unapita ndani ya dari hadi kwenye bomba la nyuma. Majani ya msimu mmoja na kiota cha ndege vinatosha kuuziba. Ukifurika, maji hayamwagiki barabarani ambako jirani angeyaona. Yanashuka ndani kwa ndani mpaka kwenye ncha za boriti zilizopachikwa ukutani. Ncha ikioza, sakafu haina pa kushika. Ukuta wa mbele, ambao mara nyingi haukufungwa vizuri na kuta za ubavuni tangu siku ya kujengwa, unaanza kutoka nje polepole. Na kwa kuwa mafundi wa enzi hizo walikuwa wakilaza mbao ndani ya ukuta wenyewe, mbao hizo zikioza matofali yanabaki yamekalia uwazi.

Haya yote yanaanza na mfereji ambao mtu mwenye ngazi na ndoo angeusafisha asubuhi moja.

Nenda nambari 20, Lower Dominick Street. Mle ndani Robert West, fundi wa lipu wa miaka ya 1750, aliwafinyanga ndege wa lipu wakatokeza ukutani, shingo na midomo ikaning'inia hewani juu ya ngazi. Mimi nashika mwiko kila siku na sielewi mkono wake ulitulia vipi. Kazi ya namna hiyo ikilowa kutoka juu inaachia na kudondoka, na hakuna kibali kitakachoirudisha.

Historia ya mji huu unaijua. Bunge la Dublin lilipofutwa kwa sheria ya 1800, wakubwa walihama na nyumba zao zikaanza kukatwakatwa vyumba. Nambari 14 Henrietta Street ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1740 kwa ajili ya familia moja. Sensa ya 1911 ilikuta humo watu 100. Juni 1963 nyumba zilianguka Bolton Street, kisha Fenian Street, wakafa watu wanne, wawili wao watoto wa kike. Badala ya kutengeneza mapaa, mji ulishika nyundo. Zikabomolewa nyingi, na miaka ya 60 hiyohiyo shirika la umeme likaangusha nyumba 16 kwa mpigo Lower Fitzwilliam Street.

Kwetu pwani tumelipia somo hilihili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la mji huo, iliporomoka na kuua.

Mheshimiwa, nguvu ya kisheria ipo. Sheria ya mipango ya mwaka 2000 ilimpa mwenye nyumba wajibu wa kutoiacha iharibike, ikaipa halmashauri uwezo wa kumwandikia notisi, kufanya kazi yenyewe na kumdai gharama, hata kuitwaa nyumba kwa lazima. Nafuu ya kodi kwa anayekarabati majengo ya zamani nayo ipo tangu 2015, ila inamfaa aliye na fedha za kutanguliza. Bibi mwenye nyumba moja na pensheni hana za kutanguliza.

Ninachoomba ni fedha za paa peke yake: mifereji, risasi, vigae, zilipwe kazi ikianza. Kila nyumba ya safu inayolindwa na isiyo na mtu ikaguliwe kwa juu kila mwaka, majani yakishapukutika, na matokeo yabandikwe wazi. Mwenye nyumba asipojibu, halmashauri ipande yenyewe, imletee hesabu. Na chokaa itumike. Ukuta uliofungwa kwa saruji haupumui, unyevu unabaki ndani.

Kisha zifunguliwe ghorofa za juu watu waishi. Zaidi ya watu 15,000 nchini wanalala kwenye makazi ya dharura, na anayelala chini ya dari ndiye wa kwanza kusikia tone. Najua usalama wa moto kwenye nyumba yenye ngazi moja ni suala gumu. Ndiyo maana naomba wazima moto, wahifadhi na sisi mafundi tukae meza moja tukubaliane mpangilio mmoja unaofaa nyumba hizi, kuliko kila mwenye nyumba kuanza upya na michoro yake.

Ukaguzi wa kwanza ufanyike vuli hii, kaskazini ya mto Liffey, ambako hali ni mbaya zaidi.

Wako mtiifu,
Fundi mwashi, Dublin