Leso iandikwe kama ni pamba au poliesta

Mhariri,

Leso, au kanga kama wengine waiitavyo, ina pindo, ina mji, ina jina, hata ukiwa wataka kumsema jirani utapata leso ya kumsemea, lakini leso nyingi zinazouzwa siku hizi hazikwambii ni kitambaa gani. Ukiingia duka pale Biashara Street ukiuliza jibu ni moja tu, "pamba hiyo mama, pamba safi", na bei ya pamba walipa. Ukifika nyumbani ukajifuta jasho nayo, jasho lahama tu kutoka shavu hili kwenda lile. Hapo ndio wajua umeuziwa poliesta.

Wasije watu wakasema nachukia nyuzi za kiwandani, nailoni na mwenzake poliesta, la. Mkemia Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont kule Marekani walipoitengeneza nailoni 1935 walifanya kazi ya maana, 1940 wanawake wa huko walikuwa wapigania soksi ndefu za nailoni madukani, kisha vita vikaichukua yote ikaenda kwa maparachuti na kamba. Na hapa kwetu muulize mvuvi yeyote, mshipi wake ni nailoni, kamba yake haiozi kwa maji ya chumvi kama ya katani wala haivimbi maji ikawa nzito kuvuta. Mwavuli, begi la shule, hema la harusi, vyote hivyo sawa kabisa.

Lakini hiyohiyo sifa ya kutonywa maji ndiyo yatuua sisi tunaojifunga Mombasa hii mwezi wa pili. Kwenye hewa ya kawaida pamba hushika unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, nailoni kama 4, na poliesta, ile iliyotoka Uingereza 1941, haifiki hata 1. Sasa mtoto umembeba mgongoni kwa leso kama hiyo kuanzia Kongowea mpaka nyumbani, matatu imejaa, jasho halina pa kwenda, jioni ana harara shingo nzima na watu wakwambia ni joto tu.

Halafu kuna jikoni, na hili ndilo lanitia hofu zaidi. Leso ndiyo tunayojifunga tukipika, ndiyo tunayoshikia sufuria. Pamba nayo yawaka, tena haraka, sisemi haiwaki, lakini poliesta huyeyuka ikashika ngozi na kuibandua ni shida nyingine.

Kuijua si kazi ngumu. Vuta uzi mmoja pindoni, ushike kwa kibanio si kwa vidole, uwashie kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi na harufu yake ni ya karatasi, jivu ukilisugua ni laini lapeperuka. Poliesta kwanza yajikunja yaukimbia moto, yayeyuka, ikipoa labaki tone gumu hulivunji kwa ukucha. Ikifanya yote mawili basi ni mchanganyiko, ile tetroni tunayoijua kwenye mashati. Sasa niambieni ni muuzaji gani atakukubalia uwashe kiberiti ndani ya duka limejaa vitambaa mpaka darini??

Wauzaji wengine wasema sisi wenyewe ndio twataka za bei rahisi, na ni kweli, sare ya harusi ya kuvaliwa siku moja hata mimi sitatafuta pamba, na rangi ya poliesta haichujuki upesi, yakauka mara moja hata msimu wa masika. Sawa, lakini niambie kwanza nichague mwenyewe. Kifungu cha 46 cha Katiba chasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari za kile anachonunua, na sheria ya kumlinda mteja tunayo tangu 2012. Shati la mtumba la shilingi mia kwenye kola lina lebo yasema ni asilimia ngapi pamba asilimia ngapi poliesta, iweje leso mpya kabisa haina?

Wanaoagiza leso hawashindwi kuchapisha jina zima la mafumbo pale chini, basi waongeze neno moja pembeni, pamba au poliesta, kwa herufi za kusomeka. Na kama ni mchanganyiko waandike mchanganyiko, bei tutapatana hukohuko dukani.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa