Glakoma si presha ya macho peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jina ambalo gazeti hili, kama vyombo vingi vya habari vya Kiswahili, hulitumia kila linapoandika kuhusu ugonjwa wa glakoma. Jina hilo ni "presha ya macho". Naelewa kwa nini limeshika, kwa kuwa ni jepesi na kila msomaji hulielewa papo hapo. Hata hivyo, linamfanya mgonjwa aamini kwamba presha ikishuka ugonjwa umekwisha, na katika familia yetu imani hiyo imetugharimu.

Mama yangu alitumia matone kwa miaka sita bila kuruka hata siku moja. Kila alipopimwa, presha ilikuwa 14 au 15, nasi nyumbani tulimshukuru Mungu. Kisha siku moja alipelekwa kupimwa upeo wa kuona: kidevu kimewekwa juu ya kibao, jicho moja limezibwa, na mkononi ana kitufe cha kubonyeza kila aonapo nukta ya mwanga. Nilikaa nyuma yake nikisikiliza mlio wa kitufe. Kulipita vipindi virefu vya kimya hadi nikadhani amesinzia. Hakuwa amesinzia. Nukta zilikuwa zikiwaka mahali ambapo jicho lake halikuwa likiona tena.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu ugonjwa huu. Glakoma ni ugonjwa wa neva ya jicho, ile inayopeleka picha kwenye ubongo ikiwa na nyuzi zipatazo milioni moja, na nyuzi hizo zikifa hazioti tena. Presha kubwa ndani ya jicho ndiyo kihatarishi kikuu tunachoweza kukipunguza, lakini wapo watu wengi wanaopata glakoma presha yao ikiwa ndani ya kiwango cha kawaida, yaani kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Katika utafiti mashuhuri wa wagonjwa wa aina hiyo uliochapishwa mwaka 1998, ugonjwa uliendelea katika asilimia 35 ya macho ambayo hayakutibiwa, ilhali katika macho yaliyoshushwa presha kwa takriban theluthi moja uliendelea katika asilimia 12. Faida hiyo ni kubwa, na mtu asiibeze. Lakini hizo asilimia 12 nazo ni macho ya watu, na presha yao ilikuwa imeshushwa.

Hapo ndipo linapoingia suala la kinga ya mwili, ambalo sijaona likielezwa kwa Kiswahili inavyostahili. Seli za kinga huwasiliana kwa molekuli ndogo ziitwazo saitokini, ambazo huziamuru seli nyingine ziamke, zije, zishambulie au zitulie. Jicho nalo lina walinzi wake: seli za maikroglia, zinazozunguka kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na neva zikisafisha mabaki, na seli za astrositi, zinazolisha na kushikilia nyuzi za neva. Neva ikibanwa au ikikosa damu ya kutosha, maikroglia huamka na kuanza kutoa saitokini. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi katika maabara ya Ben Barres, Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kwamba molekuli tatu zitolewazo na maikroglia, yaani TNF, interlukini-1 alfa na protini iitwayo C1q, zikikutana huzigeuza astrositi kutoka walezi kuwa wauaji wa seli za neva. Miaka mitatu baadaye ilidhihirika kwamba panya waliozaliwa bila molekuli hizo tatu walinusurika na sehemu kubwa ya vifo vya seli za retina, ingawa presha ya macho yao ilikuwa imepandishwa makusudi. Naomba msomaji alitafakari jambo hilo: presha ilikuwapo, lakini madhara yake yalipungua kwa sababu amri ya kuua haikutolewa.

Kwa haki, panya si mtu, na saitokini si adui. Ni hizohizo zinazosaidia kidonda kupona na vijidudu kuangamizwa. Saitokini nyingine, TGF-beta 2, hupatikana kwa wingi kuliko kawaida katika maji yaliyo ndani ya jicho la wagonjwa wengi wa glakoma, ambamo hukaza tishu za njia ya kutolea maji hayo. Tena ndiyo inayochochea kovu linaloweza kuziba tundu lililofunguliwa na daktari wa upasuaji ili maji hayo yatoke. Ilitengenezwa kingamwili ya kuizuia ili kovu lisijijenge baada ya upasuaji, ikajaribiwa kwa wagonjwa wengi, na haikuleta faida iliyotarajiwa. Aidha, steroidi, ambazo hunyamazisha saitokini nyingi kwa pamoja, hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu hadi kuwasababishia glakoma. Ndiyo maana nasikitika nikiona mtu mwenye macho mekundu akijinunulia matone ya steroidi na kuyatumia kwa miezi bila kuonwa na daktari.

Kwa sababu hiyohiyo nina wasiwasi na matangazo ya dawa za "kuongeza kinga" zinazodaiwa kutibu macho. Ikiwa sehemu ya madhara ya glakoma inatokana na kinga iliyoamka kupita kiasi mahali pasipofaa, kumwambia mgonjwa aiongeze ni kumpotosha, na kila senti anayoitoa huko ni senti iliyopungua kwenye matone yake. Hadi leo njia iliyothibitika ya kupunguza kasi ya ugonjwa ni kushusha presha kwa matone, leza au upasuaji. Barua hii isimpe mtu yeyote sababu ya kuacha dawa. Mama bado anatia matone yake kila jioni. Kilichobadilika ni kwamba presha yake imeshushwa zaidi, na upeo wake wa kuona hupimwa mara kwa mara.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba waandishi wako waandike "glakoma" na kuieleza kuwa ni ugonjwa wa neva ya jicho, kisha presha itajwe mahali pake kama kihatarishi. Nao wasomaji wenye ugonjwa huu, wakishasomewa namba ya presha kliniki, wamuulize daktari swali la pili: neva yangu ikoje, na upeo wangu wa kuona ulipimwa lini mara ya mwisho? Sisi tulikaa miaka sita bila kuliuliza.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mwana wa mgonjwa wa glakoma