Ile Leso ya Damu ya Mzee

Mkomani, Lamu
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwako wewe na watoto. Kusi imekaza wiki hii, mashua zavuka kwa kunuia. Mama akusalimu sana, na asema zile embe za Malindi alizoahidi shemeji bado azihesabu deni.

Nakuandikia, sikupigii simu, kwa sababu nakujua: nikimtaja tu ndugu yangu Pono ungeikata. Basi nimeshamtaja. Usiikunje barua.

Binamu yangu wa Mombasa alipokuja Maulidi aliacha laptopu yake hapa, asema tundu la chaji limeingia chumvi, nimpelekee fundi. Fundi aliitengeneza siku moja. Mimi nikakaa nayo wiki tatu. Ndani yake mna gemu liitwalo Hue, na mimi na gemu wapi na wapi, wajua. Lakini jioni moja stima ilirudi cherehani ikiwa imeshafunikwa, nikafungua nione tu. Nikaamka saa nane za usiku shingo imekauka.

Limetengenezwa Uingereza na kampuni ndogo, Fiddlesticks, likatoka 2016. Kila kitu humo kimechorwa kama kivuli kwenye pazia, taa ikiwa nyuma yake: mtoto mweusi, nyumba nyeusi, ngazi nyeusi, na ulimwengu mzima rangi ya jivu. Mtoto ndiye Hue, na hilo ni neno la Kiingereza la rangi. Anakwenda akiokota rangi moja moja mpaka anakuwa na duara la rangi nane: feruzi, buluu, zambarau, waridi, nyekundu, chungwa, manjano, na kijani kile cha ndimu. (Zihesabu kwa Kiswahili ni kama umetumwa sokoni. Ukitoa nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi nyingi tumeazima jina kwa tunda, kwa ua au kwa kiungo cha jikoni.)

Sasa ufundi wake ni huu. Njiani pana sanduku la buluu limekuziba. Ukigeuza rangi ya kule nyuma yote ikawa buluu, sanduku linamezwa, halipo, unapita. Ukirudisha waridi, sanduku hilo hapo tena, na sasa unalipanda uufikie mlango. Kitu kikifanana na kilicho nyuma yake ni kana kwamba hakikuumbwa. Ndiyo hiyo tu, lakini wanavyoipindua! Ukiruka shimo huku unageuza rangi mara mbili angani, mikono yatoka jasho. Bahati nzuri ukifungua lile duara, mambo yote yaenda polepole mpaka uchague.

Na kuna mama. Mamake Hue ni msomi, ndiye aliyeiunda pete ya kugeuza rangi, nayo ikamgeuza yeye mwenyewe akawa rangi isiyoonekana na jicho. Mtoto anamtafuta, na kila mahali anaokota barua yake, sauti ya mwanamke inamsomea huku anatembea. Nikasema huyu mama naye, mtoto yuko peke yake gizani, yeye amwandikia barua! Haya, nami huyu hapa usiku na kalamu.

Binamu alisema likinishinda hilo nicheze jingine la Uhispania, GRIS, la 2018, lililochorwa kwa mtindo wa rangi za maji. Zuri kupita maelezo, kweli, na humo msichana hafi kamwe. Lakini halikunikuna kichwa. Nikarudi kwa Hue.

Siku ya nne Pono akaketi kando yangu akataka zamu. Pale majabali yanapobingirika na kuanguka, hili chungwa, lile kijani, unageuza haraka rangi ya nyuma ikumezee jabali linalokujia. Pono akafa. Akafa tena. Nikamcheka, wajua tulivyozoea kumcheka. Nikamwambia, "We, chagua kijani!" Akasema, "Si ndiyo hii?" na kidole kiko juu ya chungwa. Nikadhani mzaha. Nikamtazama usoni, shoga, hakuwa na mzaha wowote. Alikuwa na ule uso wake wa kungoja kukaripiwa.

Nikazima. Nikavuta kikapu changu cha nyuzi, nikamwekea gurudumu tano mkekani: nyekundu, kijani, kahawia, chungwa, na ile damu ya mzee, nyekundu iliyokolea. Nikamwambia azipange. Akazigeuza chini juu akasoma nambari za karatasi. Nikazibandua zile karatasi. Hapo akakaa kimya muda mrefu, kisha akazipanga kwa ukolevu wake tu, iliyopauka huku, iliyokolea kule, na kijani na damu ya mzee akaziweka pamoja kama mtu na nduguye.

Ndipo nikakumbuka. Nilipomtuma uzi kwa nambari hakukosea hata siku moja. Nilipomtuma kwa rangi, nilimrudisha dukani mara mbili na matusi juu.

Kwenye gemu kuna mahali pa kuwasha alama: kila rangi inapewa umbo lake, juu ya jabali na kwenye duara. Waliolitengeneza waliwafikiria watu wa namna yake. Sisi tuliozaliwa naye tumbo moja hatukuwaza. Nikaziwasha. Mwenzangu, alipita pale, akapita kwingine, kufikia alasiri alikuwa mbele yangu vyumba sita na ananifundisha.

Tukaenda hospitali. Muuguzi wa macho akafungua kile kitabu cha madoa chenye nambari zilizojificha, kazi ya daktari Mjapani, Ishihara, tangu 1917 kinatumika. Mimi naona nambari, Pono aona madoa. Akatueleza: ndani ya jicho mna chembe za aina tatu za kupokea rangi, na jeni za nyekundu na kijani zakaa kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo X mbili, moja ikiwa na dosari nyingine humsitiri. Mwanamume anayo moja tu, na ameipata kwa mamake.

Mama aliposikia akasema, "Kumbe ni mimi." Akaenda jikoni. Baadaye akatoka anacheka na machozi yapo, asema: "Mwakumbuka mashua ya Babu?" Babu mzaa mama, aliyeipaka mashua yake ubavu mmoja kijani, kopo likamwishia, akanunua jingine akamalizia kahawia, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Watu wa Matondoni walikuwa wakisema ikienda ni mashua nyingine, ikirudi ni nyingine. Sisi sote tumekua na kisa hicho kama kichekesho.

Sasa ya baharini. Wewe ulisikia kwamba nahodha alimshusha Pono kule Mokowe na begi lake kwa uvivu. Chombo cha injini usiku huwasha taa nyekundu ubavu wa kushoto na kijani ubavu wa kulia, ndivyo mwenzio anavyojua umeelekea wapi. Walikuwa kwenye mkondo wa Mkanda, Pono yuko omo, kule mbele ya chombo, nahodha akauliza taa gani ile. Akasema kijani. Ilikuwa nyekundu. Waliponea chupuchupu kwenye mikoko. Nahodha hakukosa kumshusha, nami simlaumu. Lakini Pono amekaa mwaka mzima akiamini kwamba hatii maanani, kwa sababu ndivyo tulivyomwambia sote.

Na leso yako ya arusi. Mchoro ule ule, jina lile lile, pamba ile ile. Ulitaka damu ya mzee akakuletea kijani, saa moja kabla ya wanawake kuja, ukamwambia mbele ya watu amekuharibia makusudi. Mimi pia nilimwambia. Hakuwa na makusudi, shoga. Alisimama pale dukani na leso mbili mikononi, akachagua moja.

Hajui kwamba nakuandikia, na hataki isemwe ovyo, kwa hiyo iishie kwako na shemeji. Aja Malindi Alhamisi, kuna fundi wa milango amempa kazi ya mwezi mmoja. Barua hii ndiyo atakayoileta mwenyewe, nimeifunga kwa gundi kwa kuwa wajua alivyo mbea. Mpe chai. Ukitaka kumtuma dukani mkatie kipande cha kitambaa akishike mkononi, muuzaji amfananishie.

Na ile ya kijani, kama hukuigawa, Mama asema aitaka yeye.

Wasalaam,
Shoga yako wa cherehani