Shosti, kabla hujasaini hiyo ruzuku

Shosti wangu,

Za huko Ohio? Sisi huku Iowa tupo, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa ila watoto wazima na baba yao mzima, anakusalimia sana. Ile meseji yako ya saa saba usiku nimeisoma mara mbili nkasema hii siijibu kwa WhatsApp, hii nakaa mezani naandika barua ya kueleweka kama zile tulizokuwa tunaandikiana likizo enzi za Mzumbe. Kwanza hongera kwa kazi. Pili pole, manake najua mtu ukikabidhiwa yale mafaili ya ruzuku ya maandalizi ya maafa, wiki ya kwanza unatamani kurudi zako kule ghalani kupaki mizigo. Umeniuliza hivi umeajiriwa kusaidia watu au kujaza fomu, na umeuliza kwa uchungu kabisa, sasa na mimi nakujibu kwa moyo wote: shosti, huku fomu ndiyo inaamua nani anasaidiwa na nani anaachwa.

Ngoja nkueleze kwa nini nasema hivo. Unakumbuka 10 Agosti 2020 nilikupigia nalia? Ile dhoruba ya upepo wanayoiita derecho ilipita hapa Cedar Rapids mchana kweupe, upepo walikuja kuukadiria kama kilomita 225 kwa saa, mapaa yakaezuliwa, miti mikubwa ikalala barabarani, umeme ukakatika kuna watu walikaa wiki mbili gizani. Na familia za watu wetu, Wakongomani na Warundi, pamoja na wale wa visiwa vya Micronesia, wakalala nje kwenye mahema mbele ya nyumba walizokuwa wamepanga, na watoto wachanga, siku baada ya siku. Mimi nilikuwa napeleka maji na kutafsiri tu. Kuna mama mmoja alinishika mkono akanionyesha karatasi ya Kiingereza aliyopewa, ameikunja ameiweka kwenye kanga siku ya tatu ile, hajui imeandikwa nini, nikaisoma kumbe inaelekeza wapi pa kupata chakula cha moto na saa ngapi. Siku tatu shosti, na kile chakula kilikuwa mwendo wa dakika kumi tu.

Miaka ikapita nikapata hii kazi kwenye kaunti ndogo huku huku Iowa, na kitu cha kwanza nilichofanya nilitoa mipango kazi yote ya nyuma kwenye kabati nikaisoma usiku mmoja kutafuta neno lugha. Halikuwemo. Hakuna mtu alikuwa na roho mbaya, niamini, watu wa ofisi ile walikuwa wachapakazi, ila halikuandikwa, na kwenye hizi ruzuku kisichoandikwa kwenye mpango kazi uliopitishwa hakilipwi. Ndo hivo tu. Mkalimani halipwi, kipeperushi cha Kiswahili hakichapishwi, mchungaji wa kanisa la Wakongo haalikwi kwenye zoezi la maafa, sio kwamba wamekataa, ni kwamba hakuna mstari wake kwenye mpango.

Kwa hiyo wewe sa hizi unalia na fomu ila wewe ndo umeishika kalamu! Nakuomba kabla bosi hajausaini mpango kazi wa mwaka huu weka mistari ya watu wetu. Kutafsiri maelekezo ya king'ora cha tornedo kwa Kiswahili na Kirundi na Kinyarwanda, hiyo inaingia kwenye fungu la mipango. Mkalimani kwenye zoezi la kufungua makazi ya dharura, hiyo ni fungu la mazoezi. Kufundisha vijana watano wa jumuiya yenu huduma ya kwanza na namna ya kusaidia kwenye kituo cha waathirika, mafunzo. Na wakikuuliza kwa nini, usibishane nao kwa hisia, waambie Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu ya sita, inasema anayepokea hela ya serikali kuu hawezi kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa miaka mingi lugha ilihesabiwa imo humo, ila ujue miongozo ya serikali kuu juu ya lugha ilifutwa 2025, sheria yenyewe ndo bado ipo. Sema kwa upole lakini sema.

Haya tuje kwenye hela zenyewe. Kwa maelezo yako hiyo ni EMPG, ruzuku ya kuendesha kazi za dharura, ile inayotoka FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, inapita jimboni kwanza halafu ndo inashuka kaunti. Mizizi yake ya sheria ya sasa ni ile sheria ya 2006 iliyotungwa baada ya kimbunga Katrina kuwaumbua. Usidhani ni hela nyingi, mwaka wa fedha 2024 nchi nzima ilikuwa kama dola milioni 319, sasa gawa kwa majimbo yote halafu gawa tena kwa kaunti, inakufikia imekonda kabisa. Na wanatoa nusu, nusu nyingine mnachangia nyie. Halafu hawakupi mkononi. Mnatumia ya kwenu kwanza, unapeleka ushahidi, ndo mnarudishiwa. Ni kama masurufu ila yamegeuzwa kichwa chini, kule nyumbani unachukua halafu unarejesha risiti, huku unaanza na risiti halafu unaomba.

Huo mchango wa nusu ndipo wengi wanapoanguka, nakuomba hapa unisikilize vizuri. Hela ya serikali kuu huwezi kuitumia kuchangia hela nyingine ya serikali kuu, na dola moja huwezi kuihesabu kwenye ruzuku mbili. Yaani kama mshahara wa yule msaidizi wenu mmeuonyesha kama mchango kwenye EMPG basi umeishia hapo, msiupeleke kwenye ruzuku nyingine hata kama fungu limepungua na bosi anakukazia macho. Masaa ya watu wa kujitolea mnaruhusiwa kuyahesabu, ila yawe na karatasi ya mahudhurio, jina, tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi aliyofanya, sahihi, na kiwango cha saa mlichotumia kifanane na ambacho mngemlipa mtu kwa kazi ile. Hiyo karatasi isainiwe siku ile ile pale pale mlangoni. Ukisema utawapigia simu mwezi ujao wakukumbushe umekwisha.

Mishahara ni vivo hivo. Usikubali mtu akuambie andika asilimia 50 kila wiki kwa kuwa bajeti inasema asilimia 50. Kanuni za ruzuku za serikali kuu, 2 CFR 200, hicho ndo kitabu chenu sasa, kichapishe ukae nacho, zinataka rekodi ya kazi iliyofanyika kweli, makadirio ya bajeti peke yake hayakubaliki. Mimi nina daftari la kawaida tu la dukani, kila jioni kabla sijavaa koti naandika leo nimefanya nini na masaa mangapi, Ijumaa nahamishia kwenye fomu, bosi anasaini. Dakika tano. Robo ya mwaka ikiisha wenzangu wanahangaika kukumbuka walikuwa wapi mwezi wa kumi mimi nakunywa chai.

Sasa nikusimulie jenereta, hii inaniuma mpaka leo. Kaunti niliyoanzia, siitaji, tulipata hela ya jenereta la kituo cha dharura. Jengo lenyewe la zamani, zaidi ya miaka 50. Kitu chochote kinachochimba ardhi au kugusa jengo kinatakiwa kipite kwanza kwenye mapitio ya mazingira na majengo ya historia, wanaita EHP, unajaza fomu na picha na ramani unatuma unasubiri jibu la maandishi. Tukatuma. Tukasubiri. Mkandarasi akaja Ijumaa moja akasema nina nafasi leo, zege ninalo kwenye gari, nikiondoka hapa narudi mwezi wa sita. Mtu mmoja pale ofisini kwa nia njema kabisa, anaogopa msimu wa tornedo utukute gizani, akasema mwaga. Zege likamwagwa asubuhi, kibali hakijatoka. Ule mradi wote ukakataliwa, sio zege tu, mradi wote, kaunti ikalipa yenyewe na mwaka ule tukafuta mafunzo mawili kufidia. Mimi nilikuwa najua kanuni ile, nilikuwa nimeisoma, ila nilikuwa mgeni na lafudhi yangu nikaogopa kusimama mbele ya wanaume wanne na gari la zege nkasema hapana. Shosti, wewe simama. Sema hapana, mpigie simu mtu wa jimbo hapo hapo weka spika.

Vifaa vingine ni vidogo vidogo. Kabla ya kununua angalia kimo kwenye orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa ya FEMA, kila kifaa kina namba yake, iandike kwenye ombi. Redio koli kuwa makini sana, tangu 13 Agosti 2020 hela ya serikali kuu hairuhusiwi kununua vifaa vya mawasiliano vya Hytera, Huawei, ZTE, na kamera za Hikvision na Dahua nazo zimo, hata kama bei ni nusu na muuzaji anaapa kwa mama yake. Omba bei kwa zaidi ya mmoja na zile bei za walioshindwa nazo zitunze. Kikifika kibandike namba, andika kiko wapi, hali yake, serikali kuu imelipa asilimia ngapi, na kila miaka miwili mnatakiwa kuzunguka kuhesabu kimoja kimoja kwa macho. Sio kwa simu, kwa macho.

Ripoti za kila robo: jimbo linatakiwa kupeleka FEMA ile fomu ya ripoti ya hela, SF-425, ndani ya siku 30 baada ya robo kuisha, kwa hiyo lenyewe litakutaka wewe mapema kuliko hapo, angalia tarehe kwenye mkataba wenu ibandike ukutani. Kuna upande wa hela na upande wa maelezo. Watu wengi kwenye maelezo wananakili ya robo iliyopita, kazi inaendelea vizuri, kazi inaendelea vizuri. Usifanye hivo. Andika kama unamwandikia mkaguzi ambaye hajazaliwa. Tarehe fulani tulifanya zoezi, walikuja watu kadhaa, tulipanga hivi tukapata hivi, hiki kimeshindikana kwa sababu hii. Na mkishafanya zoezi ile ripoti ya baada ya zoezi isilale, wanaitaka ndani ya siku 90, na humo ndani iambie kweli. Zoezi letu la mwaka juzi niliandika kwamba tangazo la makazi lilitoka kwa Kiingereza tu na familia mbili zilikwenda jengo lisilo, bosi akauliza lazima? Nikamwambia lazima. Kwa kuwa lilikuwa kwenye ripoti likaingia kwenye mpango wa maboresho, na kwa kuwa liko kwenye mpango wa maboresho mwaka uliofuata tukaliombea hela, na tukapewa. Hela kidogo, ila vipeperushi vya Kiswahili sasa vipo mlangoni kwenye kila kanisa letu na kwenye duka la yule Mrundi anayeuza sombe.

Vyeti vya mafunzo ya FEMA, zile kozi za IS-100, 200, 700 na 800, kila anayelipwa na ruzuku awe navyo, ni bure mtandaoni, anza na chako wiki hii. Namba ya UEI ya kaunti, ile ya kuitambulisha kwa serikali kuu, ihakikishe mapema na jina lifanane na lililoko kwenye mkataba herufi kwa herufi. Muda wa ruzuku ukiisha mna siku 90 kupeleka ripoti za mwisho jimboni, lenyewe lina 120 kufunga na FEMA, halafu mafaili yanakaa miaka mitatu tangu ripoti ya mwisho. Na kama kaunti yenu kwa jumla inatumia dola milioni moja au zaidi za serikali kuu kwa mwaka, zamani ilikuwa laki saba na nusu, basi mkaguzi wa nje atakuja na anaweza kuchagua jalada lako. Kwa hiyo kila malipo yawe na vitu vinne kwa pamoja: ombi, bei za wauzaji, invoisi, na ushahidi kwamba benki imelipa. Wewe ulikuwa unapanga vocha vizuri kuliko darasa zima, mwalimu wa uhasibu alikuwa anatuonyesha faili lako, hapo sina wasiwasi na wewe hata kidogo.

Nimekufungia humu nakala ya mpango kazi wetu, nimepiga mstari kwa wino wa kijani pale penye mambo ya lugha uone tulivyoandika, chukua maneno unayoyataka. Wa kwako nitumie rasimu kabla ya Jumatano hata kama haujakamilika, nitausoma usiku watoto wakilala na nitakupigia Jumamosi baada ya kanisa, uwe na kalamu. Na niambie huko kwenu Wakongo wanakaa mtaa gani na nani wanamsikiliza, mchungaji au yule mama wa chama, manake huyo ndo wa kumwandika kwanza.

Msalimie shemeji, na mama nyumbani ukimpigia mwambie namkumbuka na wali wake wa nazi.

Ni mimi shosti wako wa Mzumbe